Skana ya bei nafuu kwa programu uliyoitengeneza mwenyewe: namna ya kuichagua, kuijaribu na kuiunganisha

Skana ya msimbopau, au bakodi kama wenye maduka wanavyoiita, ni kibodi yenye jicho. Inatazama mistari, inaigeuza kuwa tarakimu, inaziandika pale kishale kinapomemeta, kisha inabonyeza Enter. Programu yako haina haja ya kujua zaidi ya hapo, na ndiyo maana huhitaji skana ya bei kubwa. Unahitaji skana inayokubali kupangwa. Inayofaa na itakayokutesa zinaweza kuwa na plastiki ile ile na bei ile ile, na ukazitofautisha kwa kijitabu tu kinachokuja ndani ya boksi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika programu ya duka, ghala, famasi au maktaba ya skuli, Unguja au Pemba, na ambaye bajeti yake haimruhusu kununua mara mbili.

Hatua ya 1: Kusanya misimbo kabla ya kwenda dukani

Nenda mahali programu itakapofanyia kazi, chukua bidhaa ishirini hivi, upige picha misimbo yake. Usichague zile nzuri tu. Chukua na pakiti ya biskuti iliyokunjika, mfuko wa sabuni unaong'aa, chupa nyembamba ambayo mistari imezunguka ubavu, na boksi lililolowa kidogo likakauka.

Duka la vyakula la Darajani au Mlandege litakupa zaidi EAN-13, aina ya msimbo yenye tarakimu 13. Tarakimu tatu za mwanzo zinaonesha kampuni ilisajiliwa wapi: 620 ni Tanzania, 616 Kenya, 629 Falme za Kiarabu, 607 Oman, 890 India. Zinasema usajili wa kampuni, hazisemi bidhaa ilitengenezwa wapi, kwa hiyo usiifanye programu ikisie nchi ya asili kwa tarakimu hizo. Pakiti ndogo ndogo hubeba EAN-8, yenye tarakimu 8. Bidhaa za Marekani zina UPC-A ya tarakimu 12, na hiyo ina balaa lake tutakaloliona mbele.

Maboksi mengi ya dawa zinazotoka nje yana kijimraba chenye nukta, kinachoitwa DataMatrix, na ndani yake mna nambari ya bidhaa, tarehe ya kumaliza muda na nambari ya toleo. Tiketi na malipo huja na QR, mara nyingi kwenye kioo cha simu. Vitabu vina ISBN inayoanza na 978. Vya Tanzania huendelea na 9976 au 9987. Anayetengeneza programu ya maktaba ajue mapema kwamba nakala kumi za kitabu kimoja zina ISBN moja. Kwa kuazimisha, kila nakala inahitaji lebo yake.

Halafu kuna bidhaa zisizo na msimbo kabisa: pakiti za mdalasini, iliki, pilipili manga, vikapu vya ukili, sabuni za mwani. Hizo utazichapishia mwenyewe, na zina hatua yake huko chini.

Hatua ya 2: Amua aina ya jicho

Aina ni tatu.

CCD, yenye safu ya vihisi mwanga, inasoma mistari tu na inataka ikaribiwe, sentimita chache hadi kama 20. Ni rahisi na haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hiyo inavumilia kuanguka. Baadhi husoma mistari kwenye kioo cha simu.

Leza nayo inasoma mistari tu, lakini kwa mbali kidogo na kwa ukali zaidi. Haisomi kioo cha simu, kwa sababu inategemea mwanga wake mwenyewe urudi kutoka kwenye karatasi, na kioo hakiurudishi inavyotakiwa. Juani, kama kwenye kibanda cha ufukweni, mstari wake mwekundu hauonekani na keshia anabaki kubahatisha. Ndani yake mna kijioo kinachotikisika, na ndicho kinachokufa ikianguka mara nyingi.

Ya 2D ni kamera ndogo. Inasoma mistari, QR, DataMatrix na kioo cha simu, tena msimbo ukiwa umegeuka upande wowote.

Miaka ya nyuma tofauti ya bei ilikuwa kubwa, ikawa sawa kumwambia mwenye duka anunue ya mistari tu. Siku hizi skana ya 2D ya waya isiyo na jina kubwa huuzwa kwenye maduka ya mtandaoni ya China kwa chini ya dola 40. Kwa hiyo kama huna sababu nzito, nunua 2D. Hata duka ambalo leo lina EAN-13 tupu, kesho litataka kusoma QR ya risiti au ya mteja.

Yapo majina makubwa. Zebra DS2208 ni 2D ya waya. Honeywell Voyager 1200g ni leza ya mistari. Zinadumu, vijitabu vyao ni vinene na vinapatikana bure kwenye tovuti za watengenezaji. Lakini jihadhari na "Zebra" ya bei ya kutupa. Nakala zipo, na zinasoma vizuri tu siku ya kwanza; tatizo ni kwamba kijitabu cha Zebra halisi hakizipangi.

Na simu? Kamera ya simu pamoja na maktaba ya bure kama ZXing inatosha kuhesabu mali mara moja kwa mwezi. Kwenye kaunta yenye foleni haifai. Keshia anasubiri kamera ilenge, mkono unachoka, na betri inakwisha kabla ya alasiri.

Hatua ya 3: Waya, au bila waya?

Waya, isipokuwa una sababu. Skana ya waya haichajiwi, haipotei kwenye droo, na umeme ukikatika inaendelea kuishi kwa betri ya kompyuta mpakato.

Sababu nzuri ya kwenda bila waya ni ghala: magunia hayaletwi kaunta, skana ndiyo inayoyafuata. Hapo kuna mawili ya kuangalia. La kwanza ni kuta. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake unakula mawimbi. Bluetooth inayoandikwa mita 10 kwenye boksi inaweza kukata ukivuka mlango mmoja tu. Zenye kipokezi chake cha USB cha 2.4 GHz kwa kawaida hufika mbali zaidi, na hazina shughuli ya kuoanisha kila asubuhi.

La pili ni hali ya kuhifadhi. Skana nyingi za bila waya zina kumbukumbu: unasoma misimbo ukiwa mbali, ukirudi unasoma msimbo mmoja wa amri na zote zinamiminwa kwenye kompyuta. Kwa ghala la Wete au Mkoani ambako kompyuta iko chumba chengine, hii ni raha. Ila zile za bei ndogo kwa kawaida hazihifadhi saa wala idadi, na zinapomimina huleta misimbo mia kadhaa kwa mfululizo. Kama programu yako kila ikipata msimbo inaenda kuuliza seva na kusubiri jibu, mingi itapotea njiani. Pokea kwanza, weka kwenye foleni, kisha shughulikia mmoja mmoja.

Hatua ya 4: Kibodi au mlango wa serial

Skana nyingi za USB zinaweza kujitambulisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni kibodi, na ndiyo zinayotoka nayo kiwandani. Haitaki kusakinishwa chochote, inafanya kazi kwenye Windows, Linux, Android na kwenye kivinjari. Ya pili ni mlango wa serial, unaoonekana kama COM3 kwenye Windows au /dev/ttyACM0 kwenye Linux, na programu yako inausoma moja kwa moja.

Kibodi inatosha kazi nyingi. Nenda kwenye serial ikiwa moja kati ya haya ni kweli: kompyuta moja ina skana mbili na lazima ujue ipi imesoma, msimbo una herufi za siri za udhibiti, kama wa dawa, au programu lazima isome hata keshia akiwa amefungua dirisha jengine. Windows 10 na kuendelea haihitaji kiendeshi kwa skana zinazofuata kanuni ya CDC, ile ya USB ya milango ya serial. Kwenye Linux, mtumiaji awe kwenye kundi la dialout, la sivyo utapata "permission denied" na kudhani skana ni mbovu. Programu ya kivinjari inaweza kutumia Web Serial kwenye Chrome au Edge ya kompyuta, kwa sharti kwamba ukurasa uko kwenye HTTPS au localhost na mtumiaji amebonyeza kitufe kuruhusu.

Ukinunua, hakikisha skana ina njia zote mbili. Hilo utalijua kwa kijitabu.

Hatua ya 5: Jaribio la dukani, kabla ya kutoa pesa

Hapa usione haya. Mwambie muuzaji, "Shekhe, naomba kijitabu chake na dakika kumi," na ukiona anasema kijitabu hakipo lakini "inajiunganisha yenyewe," rudisha boksi mezani. Skana isiyo na kijitabu itabaki kama ilivyotoka kiwandani milele, na ikiharibika mpangilio wake huna pa kuirudisha.

Ndani ya kijitabu tafuta misimbo ya amri ifuatayo:

– kurudisha mpangilio wa kiwandani
– kuchagua kibodi au serial
– mwisho wa msimbo: Enter (CR), Tab, au bila kitu
– kuongeza herufi za mwanzo
– lugha ya kibodi
– kuwasha na kuzima kila aina ya msimbo peke yake
– muda kati ya herufi na herufi, na muda wa kusoma tena msimbo ule ule

Yakiwepo yote saba, skana hiyo inafaa kwa mtengenezaji programu hata kama jina lake hujawahi kulisikia. Ikikosekana ya mwisho unaweza kuvumilia. Ikikosekana ya tatu, usinunue.

Sasa ichomeke kwenye kompyuta mpakato, au kwenye simu ya Android kwa waya wa OTG (unaoiwezesha simu kupokea kifaa cha USB), ufungue programu yoyote ya kuandika maandishi matupu. Usitumie Excel kwa jaribio hili. Excel itakuonesha EAN-13 kama 6.20E+12 na kukata sifuri za mbele, nawe utailaumu skana bure.

Soma kila bidhaa uliyokuja nayo mara ishirini. Unatafuta makosa ya aina tatu. Kutosoma ni kosa dogo, maana keshia ataona na kurudia. Kusoma polepole ni kosa la kati. Kusoma vibaya, yaani kutoa nambari isiyo sahihi na kulia "pii" kana kwamba mambo ni sawa, ni kosa la kukataa skana papo hapo. Linganisha tarakimu zote 13 na zilizochapishwa chini ya mistari.

Jaribu na hizi: QR kwenye simu yenye mwangaza wa nusu, msimbo kwenye mfuko unaong'aa ukiinamisha skana kidogo pembeni (ukiiweka wima kabisa mwanga wake unarudi na kuipofusha, hiyo ni kawaida ya skana zote), na msimbo mdogo kuliko wote ulionao. Kwenye boksi huandikwa uwezo kwa "mil". Mil moja ni milimita 0.0254, na EAN-13 ya ukubwa kamili ina mstari mwembamba wa milimita 0.33, sawa na mil 13. Skana inayosoma mil 5 inatosha duka lolote. Kwa DataMatrix za dawa, ijaribu kwa maboksi yenyewe.

Kuhusu mwanga: skana nyingi za bei ndogo humulika mwekundu, na kwa jicho hilo mstari mwekundu juu ya karatasi nyeupe hauonekani. Kama mteja wako amechapisha vifungashio vya viungo vyenye mistari ya rangi ya mdalasini au nyekundu juu ya karatasi ya kaki, hakuna skana ya kumnunulia. Mwambie achapishe upya, nyeusi juu ya nyeupe.

Mwisho, kunja waya pale unapoingia kwenye mpini huku ukisoma. Ukisikia skana inajiwasha upya, hiyo ndiyo itakayokufa baada ya miezi michache. Bora zaidi ni ile ambayo waya unachomoka kwenye mpini, kwa sababu waya ndio unaotangulia kuharibika, na kuubadilisha ni rahisi kuliko kununua skana nzima.

Hatua ya 6: Panga skana, kisha ipange programu

Anza kwa kusoma msimbo wa mpangilio wa kiwandani, halafu amri zako kwa utaratibu mmoja, na uziandike. Tengeneza ukurasa mmoja wa A4 wenye amri hizo tu, kwa mpangilio, uuchapishe mara mbili. Siku skana ikichanganyikiwa, keshia anasoma ukurasa kutoka juu hadi chini na kazi inaendelea bila kukupigia simu usiku.

Mwisho wa msimbo weka CR peke yake. Skana nyengine hutuma CR na LF (alama ya mstari mpya) pamoja, na LF kwa njia ya kibodi hutoka kama Ctrl na J. Kwenye Chrome, hiyo hufungua orodha ya faili zilizopakuliwa. Ukiona kila bidhaa inayosomwa inafungua dirisha la faili, usitafute virusi.

Zima aina za misimbo usizozihitaji, hasa ITF, au Interleaved 2 of 5 kama vijitabu vyengine vinavyoiandika. Aina hiyo inaweza kusomwa nusu na bado ikakubaliwa, ukapata tarakimu nne pahala pa kumi na nne. Kama ni lazima, funga urefu wake.

Lugha ya kibodi ni mtego mkubwa kwetu. Kompyuta nyingi hapa zina Kiingereza na Kiarabu, na vidole vikigusa Alt na Shift lugha inabadilika bila mtu kutambua. Tarakimu kwa kawaida hutoka salama, lakini lebo uliyoiandika KRF-0012 itatoka na alama za kibodi ya Kiarabu pahala pa herufi. Caps Lock nayo hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo. Dawa rahisi: lebo zako zote ziwe za tarakimu tupu. Dawa ya pili ni hali ya ALT, ambayo skana nyingi zinayo, inayotuma kila herufi kwa nambari yake. Ni polepole kidogo lakini kwenye Windows haijali lugha.

Sasa upande wa programu.

Hifadhi msimbo kama maandishi, kamwe usiuhifadhi kama nambari. Tarakimu 13 haziingii kwenye namba kamili ya biti 32, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647, na sifuri za mbele hupotea. Hapo ndipo balaa la UPC-A: bidhaa ile ile skana moja huitoa kwa tarakimu 12, nyengine kwa 13 ikiwa na sifuri mbele. Chagua moja. Njia nyepesi ni programu kuongeza sifuri kila ikipata tarakimu 12 zenye tarakimu sahihi ya ukaguzi (ile ya mwisho, hesabu yake iko Hatua ya 7), kisha kuhifadhi 13 siku zote.

Tofautisha skana na vidole. Skana huandika herufi kwa kasi ambayo binadamu haiwezi: kama kati ya herufi na herufi zinapita chini ya milisekunde 30 na mwisho kuna Enter, huyo si mtu. Sikiliza vitufe kwenye ukurasa mzima, kusanya herufi, na pengo likizidi milisekunde 50 au hivyo anza upya. Au ipe skana alama ya mwanzo isiyotumika, mfano ~, na programu ikiiona ijue kinachofuata ni msimbo. Ila alama hiyo nayo hufuata lugha ya kibodi, kwa hiyo ijaribu kompyuta ikiwa kwenye Kiarabu pia.

Yapo makosa mawili ambayo hayaonekani hadi siku ya soko. Keshia yuko kwenye kisanduku cha idadi, anasoma bidhaa ya pili, na programu inauza soda 6,201,234,567,890. Weka kikomo cha tarakimu nne kwenye idadi, na chochote kirefu zaidi kipelekwe kwenye utafutaji wa bidhaa. La pili: keshia amebonyeza "Futa" kwa kipanya, kitufe kikabaki kimechaguliwa (focus), na Enter ya skana ikakibonyeza tena. Bidhaa zinafutika zenyewe. Ondoa focus kwenye kitufe kila baada ya kubonyezwa, na uizuie Enter inayotoka kwa skana isifike kwengine.

Kwenye Android, skana ikiunganishwa simu hudhani ina kibodi halisi na kuificha ile ya kwenye kioo. Keshia hawezi kuandika bei. Kuna swichi kwenye mipangilio ya kibodi halisi inayorudisha kibodi ya kioo; iwashe siku ya kwanza.

Na kama skana inalia mlio wake wa kuwaka kila ukibonyeza kitufe, haina umeme wa kutosha. Ichomoe kwenye kigawanyaji cha USB inachoshirikiana na printa, uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta.

Hatua ya 7: Lebo zako mwenyewe

Nambari zinazoanza na 2, yaani 200 hadi 299, zimeachwa kwa matumizi ya ndani ya duka. Zitumie kwa viungo na vikapu, na hutagongana na bidhaa ya kiwandani. Bidhaa ikitoka kwenda kuuzwa supamaketi nyengine, nambari hizo hazifai tena. Mwenye bidhaa ajisajili GS1 Tanzania, tawi la shirika linalogawa nambari hizi, apate za 620.

Bidhaa za kupima unaweza kuzibebesha uzito ndani ya msimbo. Tuseme 21 ni alama ya kupimwa, tarakimu tano za bidhaa, tano za gramu, na ya mwisho ya ukaguzi. Mdalasini ni bidhaa 42, pakiti ina gramu 1,250: unapata 210004201250. Tarakimu ya ukaguzi hupatikana hivi. Jumlisha zilizo nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 2+0+0+2+1+5 = 10. Jumlisha zilizobaki: 1+0+4+0+2+0 = 7, zidisha kwa 3, ni 21. Jumla 31. Inakosa 9 kufika 40, basi tarakimu ni 9 na msimbo ni 2100042012509. Hesabu hiyo hiyo iwekwe kwenye programu kukagua kila EAN-13 inayoingia, hata ya kiwandani.

Printa nyingi za lebo za bei ya kawaida ni za 203 dpi, nukta 8 kwa milimita. Mstari mwembamba lazima uwe nukta kamili: nukta mbili ni milimita 0.25, nukta tatu ni 0.375. EAN-13 ina moduli 95 (moduli moja ni upana wa mstari mwembamba), na pembeni zinahitajika 11 kushoto na 7 kulia ziwe nyeupe tupu, jumla 113. Kwa nukta mbili ni milimita 28 na kidogo, inaingia kwenye lebo ya milimita 30 na skana yako itaisoma. Ni ndogo kidogo kuliko kiwango cha chini cha GS1, kwa hiyo ni ya ndani ya duka tu. Kwa nukta tatu ni milimita 42. Usiruhusu programu ya kuchapisha "ibane" picha ya msimbo iingie kwenye lebo. Mistari inapoteza uwiano, na hii ndiyo sababu ya kwanza ya lebo zinazoonekana nzuri kwa macho na zisizosomeka. Ya pili ni kukata zile nafasi nyeupe za pembeni.

Karatasi ya joto, ile isiyotumia wino, inafifia ikikaa juani au kwenye joto, na mafuta huiharibu. Bandika kipande chake kwenye chupa ya mafuta ya karafuu uone kitakavyokuwa baada ya wiki chache. Kwa viungo, mafuta na sabuni tumia printa ya utepe wa wino, na lebo ya plastiki kwa utepe wa resini. Karatasi ya joto iwe ya bidhaa zinazotoka haraka, na marobota yake yakae ndani ya mfuko, mbali na dirisha.

Hatua ya 8: Akiba

Nunua mbili za aina moja, hasa kama duka liko Chake Chake au mbali zaidi, ambako skana iliyokufa maana yake ni kusubiri chombo. Ya pili ipangwe siku ile ile kwa ukurasa ule ule wa amri, ijaribiwe, ifungwe kwenye mfuko wa plastiki unaobana pamoja na ukurasa mmoja, ikae droo ya kaunta. Mwaka mmoja baadaye usinunue aina nyengine kwa sababu ni rahisi kidogo, maana amri za kijitabu kimoja hazifanyi kazi kwenye skana ya kiwanda chengine, na ukurasa wako wa A4 utakuwa karatasi ya kufungia bajia.

Kila wiki futa kioo cha skana kwa kitambaa laini kikavu. Hewa ya bahari huacha ukungu mwembamba wa chumvi usioonekana kwa jicho, na skana inayosoma polepole siku hadi siku mara nyingi inadai kitambaa tu. Ncha ya USB ikiwa na kutu, ibadilishe waya kabla haijaharibu tundu la kompyuta.

Siku ya kumkabidhi mteja, chomoa skana keshia akiwa katikati ya mauzo, uichomeke tundu jengine. Ya kibodi inatakiwa irudi yenyewe ndani ya sekunde chache. Ya serial inaweza kurudi kwa jina jipya, COM5 pahala pa COM3, na programu iliyoandikiwa COM3 itakaa kimya bila kusema kosa. Itafute skana kwa nambari zake za utambulisho wa USB, si kwa jina la mlango, na uweke pembeni mwa skrini taa ndogo ya kijani inayozimika ikipotea.